Foklifti ya gesi inazima ikichemka na haiwaki mpaka ipoe, nimechoka kubahatisha vifaa

OperetaMoshi

Habari za saa hizi wadau, poleni na majukumu. Mimi ni opereta wa foklifti kwenye ghala la kahawa hapa Moshi, sio fundi, ila hii mashine naiendesha mwaka wa sita sasa na hata nikiwa nje ya geti nikisikia imewashwa najua kama iko sawa au inaumwa. Ni Toyota ya zamani ya tani mbili na nusu, injini 4Y, inatumia gesi ya mtungi tu haina petroli, ilikuja imeshatumika kutoka Japani.

Sasa tatizo lenyewe. Asubuhi inawaka nusu stata, inapiga kazi vizuri kabisa, halafu ikifika kama dakika 40 mpaka lisaa hivi inaanza kumisi, hasa nikiwa nimebeba paleti na nakanyaga mafuta kupandisha ile rampu ya kupakilia, baada ya hapo inakata ghafla kama vile mtu kazungusha ufunguo. Haififii, inakata. Nikipiga stata inazunguka kwa nguvu, betri haina shida, lakini haishiki ng'o. Nikiiacha nusu saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Mchana jua likiwa kali ndo balaa, inazima hata mara nne.

Kilichonifanya niandike ni wiki iliyopita, imezima nikiwa na magunia 20 ya kilo 60 juu kwenye safu ya tatu na vijana wa kupakia wako pale pale chini. Nikawafukuza wote nikashusha polepole kwa lever, maana kushusha kwenye hii yetu hakuhitaji injini, lakini moyo ulinienda mbio mpaka jioni.

Nimeshabadilisha plagi zote nne, waya za plagi, koili mpya ya kutengeneza moto wa plagi, filta ya hewa, mtungi nimebadilisha mara mbili. Fundi wa kwanza kasema vepolaiza imekufa, wa pili kasema ignaita, kile kiboksi kinachowasha na kukata umeme wa koili, wa tatu kasema injini imechoka tu. Kila mmoja anataka hela ya kifaa kwanza ndo aguse. Bosi kasema ikifika mwisho wa mwezi iko hivi hivi inaenda kuuzwa skrepa na sisi opereta wawili ndo kazi imeisha hivyo. Naomba mnielekeze nianzie wapi kabla sijamwambia bosi anunue kitu kingine.

Chalii_Sakina

Mangi pole sana. Hiyo mi naona ni gesi. Ya kwetu hapa Arusha ilikuwa inazima hivyo hivyo, kumbe maji ya rejeta yalikuwa yamepungua na vepolaiza inategemea yale maji ya moto. Gesi inatoka kwenye mtungi ikiwa maji maji, inageukia hewa mle kwenye vepolaiza na ikigeuka inavuta joto, kama hakuna maji ya moto yanayopita inaganda barafu nje kabisa unaiona nyeupe, injini inakosa pumzi inazima. Ukiisubiri barafu inayeyuka inawaka tena. Iangalie ikizima, weka mkono.

OperetaMoshi

Asante chalii yangu. Nimeangalia leo ilipozima, vepolaiza ni ya moto huwezi kushika sekunde mbili, barafu hakuna, na maji nimejaza mwenyewe asubuhi yapo vile vile.

FundiMzee_UngaLimited

Kijana wangu, kwanza umefanya vizuri kuwaondoa watu chini ya mzigo. Usikubali kunyanyua juu tena na hiyo mashine mpaka ipone, bebea chini chini tu au mbebe kwa mikono, kahawa ikichelewa siku moja haifi.

Chalii hajakosea, barafu ni ugonjwa unaotokea sana, lakini wa kwako umeeleza neno moja ambalo ndo jibu lipo hapo, umesema haififii, inakata. Gesi ikikosekana injini inalegea, inavuta vuta, ukiachia mafuta inajikongoja, ndo inazima. Moto wa plagi ukikatika ni papo hapo. Sio sheria ya kuapia maana solenoidi ya gesi, ile valvu ya umeme inayofungulia gesi, nayo ikichemka inaweza kuachia, ila ndo pa kuanzia.

Shida ya hao mafundi watatu ni kwamba wote wameiangalia ikiwa nzima. Wamekuja asubuhi imepoa inawaka, sasa wanapima nini? Huu ugonjwa unapimwa ikiwa imezima, zile nusu saa zako za kusubiri ndo muda wenyewe wa kazi. Kwa hiyo andaa vitu mapema, plagi moja ya ziada, testa ya taa, multimita hata ya bei ya chini, na uwe umeegesha mahali pa wazi hewa inapita, sio ndani ya ghala.

Ikizima tu funga valvu ya mtungi. Usiruke hapo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikapotea, inalala chini, inaingia kwenye mitaro na kwenye shimo la kukagulia magari inakaa humo inasubiri cheche, na wewe unataka kutengeneza cheche kwa makusudi. Ukisikia harufu yoyote acha, sukuma mashine pembeni, subiri. Mimi nimeona mtu kaungua nyusi na mikono kwa kupima moto wa plagi huku mpira wa gesi unavuja, na alikuwa fundi mzuri tu.

Ukishafunga gesi chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka ile plagi ya ziada, ilaze chuma kwenye chuma cha injini igandamane vizuri, mwenzio apige stata. Usiishike kwa mkono na usiache waya unaning'inia hewani bila plagi, umeme ukikosa pa kwenda unarudi unaua ignaita. Ukiona cheche ya bluu inayopiga tak tak tak, moto upo, hamia upande wa gesi, sikiliza kama solenoidi inagonga ukiwasha swichi na upime kama inapata volti 12. Ukiona hakuna kitu au cheche ya njano nyembamba inayokujakuja, basi ni umeme na vepolaiza muiache kwa amani.

Na kitu kingine, gesi inadai moto mkali kuliko petroli. Plagi za injini ya gesi zinatoka safi hazina masizi, watu wanaziona safi wanafikiri ni nzima, kumbe pengo limeshapanuka. Moto uliochoka ambao petroli ingeuvumilia, gesi itaukataa. Kwa hiyo usishangae mashine ya gesi kuwa na matatizo ya moto mengi kuliko gari lako.

Mwana_Pasua

Wakuu mi naona anaangaika bure, hiyo mitungi ya foklifti mara nyingine inajazwa vibaya, sisi tulifungaga mtungi wa jikoni tukaupindua chini juu ikapiga kazi fresh tu.

FundiMzee_UngaLimited

Mwana_Pasua hapana mwanangu, hapo nakukatalia mbele ya watu ili mwingine asije akaiga. Mtungi wa jikoni umetengenezwa kusimama na kutoa hewa kwa juu. Wa foklifti unalazwa na ndani una bomba linalochota maji ya gesi, na una tundu la pini ili ukae upande mmoja tu, bomba liwe chini na valvu ya usalama iwe juu kwenye hewa. Ukipindua wa jikoni valvu yake ya usalama, kama ipo, inazama kwenye maji ya gesi, siku ikifunguka inamwaga maji badala ya hewa na lita moja ya maji hayo inageuka zaidi ya lita 200 za hewa ya kuungua. Ndani ya ghala lenye magunia. Tafadhali uondoeni leo.

DadaWaya_Njiro

Habari zenu, shikamoo mzee. Mimi ni fundi umeme wa magari na mitambo, nimesoma uzi wote.

Kaka opereta namuunga mkono mzee, pima ikiwa imezima. Mimi naongezea mambo mawili ambayo nahisi ndo yenyewe.

La kwanza ni ile koili mpya. Hebu isome ubavuni, kuna maandishi. Koili ziko za aina mbili kubwa, kuna zinazotaka resista nje, kile kipunguza umeme, na kuna zisizotaka, na dukani wanakuuzia yoyote inayoingia kwenye kishikio. Inayotaka resista ukipima kati ya chanya na hasi inasoma kama ohm 1.5 hivi, isiyotaka inasoma kama 3, lakini usiende na namba zangu, linganisha na ile ya zamani iliyotoka, natumaini hukuitupa. Ukifunga ya ohm chache mahali ambapo haikutakiwa, umeme unapita mwingi, koili inachemka na ignaita inachemka zaidi, na unakuwa umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Ndo maana unaniambia sasa inazima mara nne, je kabla ya koili mpya ilikuwa mara ngapi?

La pili ni pikapu, kisensa cha sumaku kinachoiambia ignaita lini ikate, ndani ya distributa, ile inayogawa moto kwenye plagi. Umesema inamisi ukikanyaga mafuta kwenye rampu ukiwa na mzigo. Angalia pembeni ya distributa kama kuna kile kimkebe cha vakyumu chenye mpira unaokwenda kwenye injini. Kile kimkebe kinavuta sahani ya ndani ambayo pikapu imekaa juu yake, kila ukikanyaga na kuachia ile sahani inacheza, na vile viwaya viwili vyembamba vya pikapu vinajikunja na kujikunjua kila mara, miaka yote hiyo toka Japani. Shaba inakatika ndani, plastiki nje inabaki nzima, kwa macho huoni chochote. Ikiwa baridi ncha zinagusana, distributa ikipata joto la injini plastiki inalegea na kutanuka ncha zinaachana, moto unapotea wote. Ikipoa zinagusana tena. Nimeshakutana nayo mara nyingi na karibu kila mara mteja alikuwa ameshanunua koili na ignaita.

Kupima ni hivi. Chomoa soketi ya pikapu, weka multimita kwenye ohm. Toyota nyingi za zamani zinasoma kati ya 140 na 180. Ukipata namba usifurahi bado, chomoa ule mpira wa vakyumu na uunyonye kwa mdomo taratibu huku mwenzio anaangalia namba. Sahani itasogea. Namba ikirukaruka au ikaandika hakuna njia, umempata. Fanya ikiwa baridi, kisha rudia ikiwa imezima ya moto.

Na testa ya taa kwenye hasi ya koili wakati wa stata, swichi ikiwa imewashwa. Taa ikipepesa, ignaita inafanya kazi. Ikiwaka tu imetulia bila kupepesa basi koili inapata umeme lakini hakuna anayeiambia ikate, na hapo mshitakiwa ni pikapu au ignaita, ukishapima pikapu utajua ni yupi kati yao.

OperetaMoshi

Dada ubarikiwe sana, na mzee shikamoo. Kabla ya koili mpya ilikuwa inazima mara moja au mbili kwa siku, sijawahi kuunganisha hizo habari mpaka uliponiuliza. Koili ya zamani ipo kwenye boksi la spana. Kesho mchana nitaisubiri izime.

OperetaMoshi

Narudi na majibu. Imezima saa saba na robo nikiwa nimeshaitoa nje kwenye uwanja. Nimefunga gesi, nimesubiri kidogo, tumenusa hakuna harufu. Plagi kwenye chuma, mwenzangu kapiga stata, hakuna cheche hata moja. Testa kwenye hasi ya koili inawaka imetulia kama taa ya nyumbani. Nimechomoa pikapu, imeandika hakuna njia kabisa. Tukakaa tunaiangalia tu, baada ya kama dakika 25 ikaanza kurukaruka, 90, 300, hakuna, mara ikatulia 158. Nikanyonya ule mpira, ikapotea tena. Nimefanya mara tano mbele ya bosi mwenyewe.

Na koili mpya imeandikwa itumike na resista ya nje. Hii mashine haina resista popote, nimefuata waya mpaka kwenye swichi. Koili ya zamani haina maandishi hayo. Nimeirudisha ya zamani.

Distributa nzima iliyotumika nimetafuta hapa Moshi nimekosa, Arusha wananiambia elfu 280 bila uhakika. Je hivyo viwaya vinaweza kuunganishwa?

DadaWaya_Njiro

Vinaweza, ila sio kwa kusokota na kufunga selotepu. Unatoa pikapu, unakata kile kipande chote kinachojikunja, unaunga kwa risasi waya mpya wenye nyuzi nyingi nyembamba na ganda la silikoni linalostahimili joto, unga kwenye sehemu isiyocheza, na acha urefu wa kutosha ili sahani ikienda mwisho waya usivutwe. Ukirudisha kuna pengo kati ya pikapu na meno ya rota ya ndani, weka kati ya milimita 0.2 na 0.4, tumia fila, kile kibati cha kupimia pengo, ya shaba au hata plastiki maana pikapu ina sumaku, fila ya chuma itavutwa utadanganyika.

Na chini ya ignaita kama imefungwa kwenye chuma, safisha pale, paka ile grizi nyeupe ya kupoozea joto, halafu ukaze ethi yake. Imepikwa wiki nzima na ile koili, hebu itunze.

OperetaMoshi

Jamani nimeunga na fundi redio mmoja wa Majengo ana mkono mzuri wa risasi, pikapu inasoma 161 hata nikinyonya vakyumu haisogei. Lakini sasa kuna jipya, inawaka kwa shida, haina nguvu kabisa, na mara mbili imepiga mshindo kwenye miksa, pale gesi inapochanganyika na hewa, mpaka kifuniko cha filta kimeruka. Nimeizima nimeogopa.

FundiMzee_UngaLimited

Umefanya vizuri kuizima, mshindo wa namna hiyo unachana kile kiwambo cha mpira ndani ya miksa na hapo utanunua kweli. Angalia kwanza kama waya za plagi zimerudi sehemu zake, mpangilio wa 4Y ni 1-3-4-2. Na je wakati wa kutoa pikapu mlilegeza distributa ikazunguka?

DadaWaya_Njiro

Mzee yuko sahihi kuuliza, lakini kaka jibu hili kabla hujagusa distributa. Ulipounga viwaya ulifuata rangi? Viwili vile vina upande, sio sawa na waya wa taa. Ukivibadilisha ignaita inasoma jino kwa upande wa kinyume, moto unapigwa wakati sio wake, na mshindo unatokea kwenye miksa. Ohm haitakuonyesha, itasoma 161 kote kote.

OperetaMoshi

Waya wote alioweka ni mweusi. Alikuwa na wa rangi moja tu.

DadaWaya_Njiro

Basi ni hapo. Vibadilishe kwenye soketi, kisha weka alama kimoja kwa selivu nyekundu ili atakayefungua baada yako asipotee.

OperetaMoshi

Nimevibadilisha. Imewaka nusu stata, sauti yake ile ile ninayoijua. Hiyo ilikuwa juzi. Jana imepiga kazi toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, lori mbili zimejazwa, rampu nimepanda na mzigo kamili haijamisi hata mara moja na jua la jana lilikuwa kali. Leo hivyo hivyo. Nimetumia elfu 35 tu, waya na ufundi. Bosi kaniuliza hawa watu wa mtandaoni unawajuaje, nikamwonyesha uzi wote akausoma mpaka mwisho.

Mzee na dada, sijui niwashukuru vipi, mwenzangu ana watoto watatu wanasoma na alikuwa ameshaanza kuuliza kazi sehemu nyingine.

Chalii nawe asante, nimejua vepolaiza inafanyaje kazi.

FundiMzee_UngaLimited

Marahaba, Mungu ni mwema. Sasa usisahau kupitisha taa ya taimingi, ya kuhakiki moto unapigwa kwa wakati wake, digrii zake zimeandikwa kwenye kibati cha injini, na uangalie kile kiwambo cha miksa kwa sababu ya ile mishindo miwili. Ukikuta kimepasuka hata kidogo usiendelee kunyanyua. Na mlango wa ghala uwe wazi ikiwa inaunguruma ndani, moshi wake hauonekani lakini unaua.

OperetaMoshi

Kiwambo nimekifungua leo saa sita, kiko kizima, nimekimulika na tochi pande zote. Taimingi fundi anakuja na taa Jumamosi asubuhi kabla hatujaanza kupakia.